Spika ya Pili

Kengele ilikaribisha mgeni, na mlangoni hapakuwa na mtu.

"Ingia, mlango uko wazi," bibi alisema bila kuinua kichwa kwenye nguo alizokuwa anakunja. Hakuna aliyeingia. Mjukuu wake wa miaka minne alikwenda kuchungulia, akarudi, akakaa kwenye kochi. Halafu akasogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake akae.

"Nani huyo?"

"Hajasema," mtoto alijibu.

Mama yake alisikia yote hayo akiwa jikoni, mikono ikiwa na povu, akacheka. Vitu vya dukani! Hata wiki mbili havijamaliza, tayari vimeanza wazimu. Lakini kicheko kilimkwama, kwa sababu kengele ile alikuwa anajua imetoka wapi, na bibi hakuwa anajua.

Huyu mama wa mtoto alikuwa fundi wa majokofu hospitalini. King'ora cha chumba cha baridi cha mochwari, kile kinacholia mlango ukiachwa wazi, kilikuwa kimekufa. Kifaa chake kinatengenezwa na kiwanda kilichojenga chumba chenyewe, na kiwanda kilijibu kwamba wasubiri miezi.

"Miezi!" mhandisi mkuu alipiga meza. "Mlango ukisahauliwa wazi mwisho wa wiki, wenye maiti tutawaambia nini? Nenda dukani, fundi. Kengele ni kengele."

Akaenda. Akapata seti ya kengele ya nyumbani: kidude cha kubandika mlangoni, kitufe cha kubonyeza, na spika mbili za kuchomeka ukutani. Mlango ukifunguka, sauti ya mwanamke mchangamfu inasema, "Karibu ndani, jisikie nyumbani." Usipofungwa, inafuata kelele ya kuamsha mtaa. Kelele ndiyo waliyoitaka. Alifungua spika ili aiondoe ile "karibu", akakuta vyote viwili vimo ndani ya kipande kimoja. Ukiua kimoja umeua vyote.

Mhudumu wa mochwari alikuwa mzee waliyemwita Mheshimiwa, kwa vile alivaa tai kila siku, kwa heshima ya wateja wake, alivyosema. Aliisikiliza kengele mara moja tu.

"Mwanangu, hiki kitu kinamkaribisha nani?"

"Anayefungua mlango, mzee."

"Anayefungua ni mimi. Nakaribishwa kazini kwangu?" Akatazama zile trei za chuma. "Humu hatumwambii mtu karibu. Tunaingia kimya, tunatoka kimya."

"Utaizoea tu."

"Mimi nitaizoea. Nakuuliza wengine."

Spika moja ilitosha. Ya pili, pamoja na kitufe, aliitia kwenye mkoba chini ya kopo la chakula. Hakuna aliyeuliza. Mama yake masikio yalikuwa yamezeeka, hasikii mlango ukigongwa. Hivyo ndivyo alivyojiambia njia nzima. Kabla ya kuichomeka nyumbani alikata mawasiliano yake na ile ya mochwari, ya nyumbani isikie kitufe tu. Alikuwa na uhakika na kazi yake.

Kesho yake, baada ya ule mgeni asiyeonekana, Mheshimiwa alimvuta pembeni.

"Jana saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nilikuwa mapumzikoni."

Mzee alishusha sauti. "Nilikuwa nje ya chumba, mlango nimeufunga, funguo ninazo mkononi hivi. Kengele ikasema karibu ndani. Baridi ikanipita ubavuni, mwanangu. Ilikuwa inatoka."

Saa saba. Povu mikononi, mtoto anasogea kwenye kochi. Fundi alisema ni betri. Hata yeye alisikia jinsi neno hilo lilivyotoka jepesi.

Jioni ile alipofungua mlango wa nyumba yake alipokewa na harufu ya dawa ya kuhifadhia maiti, ambayo kwa kawaida huiacha kwenye koti kazini, na kochi lilikuwa limebonyea upande mmoja ingawa hakuna aliyekalia, na mtoto alikuwa ameweka kikombe chake cha plastiki mbele ya ule mbonyeo na maji ya kikombe yalikuwa yanapungua, polepole, kama yanavyopungua mtu akinywa kwa adabu, na alipomvuta mtoto mkono amtoe pale akauhisi mkono wenyewe ni wa baridi kama trei, mkono mmoja tu, ule wa upande wa mgeni, na ukutani spika ambayo alikwishaichomoa tangu asubuhi ilikuwa inawaka taa yake ya kijani.

"Mama," alinong'ona, "nani mwingine amemwona?"

"Mimi simwoni," bibi alijibu, naye akinong'ona. "Namsikia tu akipumua. Na haya masikio yangu, unayajua."

Bibi ndiye aliyewapeleka kwa mganga. Mganga alikuwa fundi cherehani, na hakuacha kushona walipoingia. Alimshika mtoto ule mkono, akatema pini kiganjani.

"Huyu ni jini, na hakuvamia. Angevamia ningemfukuza sasa hivi. Huyu amekaribishwa, tena na kitu kilichoibwa."

Bibi aligeuka kumtazama binti yake. Binti alitazama sakafu, vipande vya nyuzi.

"Kirudishe ulikokitoa," mganga alisema. "Mbele za watu. Useme umekichukua, na karibu ile haikuwa yako kuitoa. Ataondoka. Usiposema, atakaa kwa mtoto."

"Watu wangapi?"

"Unaanza kupunguza tayari?"

Jumatatu kulikuwa na kikao cha idara. Alikwenda na spika mkobani, maneno ameyapanga. Mhandisi mkuu akamtangulia. "Simameni mmwone huyu mama! Wengine hapa ukiwatuma dukani, nusu ya vitu inaishia kwao. Huyu ametuletea kengele, inalia hadi leo." Wakapiga makofi. Alisimama. Akilini alimwona mtoto wake, ule mkono. Alifungua mdomo kabisa.

"Asante," alisema.

Walipotoka, aliingia stoo akaisukuma spika na kitufe nyuma ya maboksi ya rafu ya chini. Alipoinuka, Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni. Mzee aliitazama rafu, akamtazama yeye, akainyoosha tai yake taratibu kama anavyofanya kabla ya kufunika mtu, akaondoka. Afadhali angemtukana.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Kochi limenyooka. Mkono wa mtoto ulikuwa na joto.

"Umesema?" bibi aliuliza.

"Nimesema."

"Mbele za watu?"

"Mama, nimechoka. Nimesema."

Bibi akamkumbatia, na hicho ndicho kilichomuumiza kuliko makofi yote ya kikao.

Kesho yake, saa saba mchana, kitasa cha mlango kiligeuka chenyewe. Ukutani palikuwa na tundu tupu la soketi. Mtoto alikuwa kwenye kochi akichezea kikombe chake. Aliinua uso kuelekea mlangoni, akatabasamu tabasamu la mtu mzima, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mchangamfu.

"Karibu ndani, jisikie nyumbani."

Akasogea pembeni kumpisha. Halafu akatazama tena mlangoni, akasogea zaidi, na zaidi, mpaka akabaki amekalia ukingo, kuwapisha wengine.