Arobaini ya Gobeze

Weka mkono kifuani uape kwamba haya hayatavuka kizingiti cha mlango huu. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapa, tena mbele ya msalaba, kwa aliyenisimulia, na yeye aliapa kwa mama yake. Basi unaona mwenyewe jinsi watu wa Menz tunavyotunza siri. Sogea.

Huku juu mlimani, enzi za babu zetu, alikuwapo mkulima aitwaye Gobeze. Mtu wa nyumbani kwake kabisa. Alilima shayiri kwa ng'ombe wawili, aliwabeba wanawe mabegani hata walipokuwa wakubwa wa kubebana wenyewe, na mkewe Asegedech hakuujua uzito wa mkono wake. Kilichomsumbua kilikuwa kimoja. Arobaini ya marehemu baba yake, ndugu zake waliibana: pombe iliongezwa maji mpaka mtu akaona kitako cha pembe anayonywea. Tangu hapo, kijito kikikauka, watu walisema kimekuwa arobaini ya babake Gobeze. Neno hilo lilimkwama kooni kama ndevu ya shayiri.

Akaamua kujifanyia arobaini angali hai, kama wafanyavyo wanaume wasiowaamini warithi wao.

"Nitaila kwa meno yangu," alimwambia mkewe. "Nimsikie padri akiniombea, na nimwone kwa macho yangu huyo atakayesema pombe ni nyepesi."

Asegedech akapika shayiri, akatia majani machungu ya gesho ya kuichachusha, akaacha pombe iive nyuma ya pazia kwenye mtungi wa kunywesha kanisa zima. Siku ya kufungua mtungi, wageni wakiwa wamekwisha kukaa, kifuniko kilikuwa mahali pake na mtungi ulikuwa mkavu. Watu walirudi makwao na kiu, na njiani, naambiwa, walicheka mpaka wakakaa chini.

Gobeze alianza kumlaumu paka. Kutoka kwa paka akahamia kwa majirani, na kutoka kwa majirani akahamia kwa mama mkwe wake, Wagaye, ajuza aliyeipenda pombe naye hakuwahi kulificha hilo. Pombe ikapikwa upya.

Safari hii Asegedech alisikia. Ilikuwa siku ya mfungo, jua liko utosini lakini ukungu umelimeza, watu wote wanangoja kengele ya kanisa ndipo watie kitu kinywani. Alikuwa mlangoni akichambua dengu. Ndani kukasikika gudu, gudu, gudu, kama ng'ombe aliyefika mtoni, kisha ikaja harufu ya asali iliyoungua na manyoya ya mbuzi yaliyolowa. Akaita. Alipoingia alimkuta Gobeze amelala kwenye kitanda cha udongo, hoi kwa jembe na njaa, na nyuma ya pazia mtungi mtupu.

Gobeze aliamka akipiga mbweu, akasema ni upepo wa mfungo. Kisha akauona mtungi, na hasira zake siku hiyo hata ng'ombe walizijua.

Akaitwa debtera Kinfu, msomi wa kanisani anayejua zaburi za kufukuzia majini na, wasema wenye midomo, za kuyaitia pia. Kinfu alinusa pazia, akanong'ona.

"Hili ni jini la kiu. Halina mdomo, linaazima wa mtu. Mwenye mdomo wenyewe hajui, maskini."

Akawafundisha: pikeni tena, mpake masizi ukingoni mwa mtungi. Atakayetokea na mdomo mweusi ndiye anayepandwa.

Wakapika, wakapaka. Siku ya mfungo, ukungu, gudu, gudu. Gobeze akaamka na kupiga kelele watu wote wajipange uani. Akapita akikagua vinywa kama anayenunua punda.

"Fungua, mkwe."

"Nimefungua," alisema Wagaye. "Yamebaki mawili, usiyatishe."

Vinywa vyote vilikuwa safi. Gobeze akasimama katikati ya uani, mikono kiunoni, akiuliza ni nani basi, ni nani, na masharubu yake mwenyewe yalikuwa meusi mpaka puani. Watoto walitazama miguu yao. Nani amwambie mwenye nyumba? Tena kunywa siku ya mfungo ni kukosa kaburi uani mwa kanisa; padri hataki kusikia habari za jini.

Asegedech akamwendea na pindo la shuka lake.

"Ngoja nikufute, bwana. Masizi ya jikoni tu."

Kinfu alipokuja kuuliza, akaambiwa hakupatikana mtu. Aliliangalia lile pindo lenye masizi, akaenda zake.

Mvua kubwa zilipofika, kifua kikamshika Gobeze. Alilala akiutazama mtungi, na kila alipopata pumzi aliitumia kulalamika.

"Asege, niambie tu. Ni nani anayekunywa arobaini yangu?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Asegedech, kubwa kama yai. Akasema hajui. Gobeze akageukia ukutani, akafa amekunja uso, na hata walipomviringisha sanda uso haukukunjuka.

Wakamzika uani mwa kanisa, kwa heshima zote. Asegedech alijiambia kwamba na jini nalo limezikwa. Lililobaki ni arobaini nzito, nzito hata pembe isionyeshe kitako, ili mume wake asigeuzwe mzaha wa vijito kama baba yake. Akapika mara mbili ya desturi. Mama yake alimtazama akikoroga, akamwambia polepole kwamba mtu huzikwa, jini huhama. Asegedech hakutaka kusikia.

Siku ikafika. Mapadri wakaketi chini ya banda la matawi, wageni safu kwa safu, na hakuna anayegusa kitu kabla ya baraka. Kinfu aliomba abaki kidogo na mtungi, ausomee. Akatoka amekunja vidole ndani ya shuka lake.

Padri alipoanza sala, Asegedech akaingia nyuma ya pazia kuhakikisha kifuniko kimekaa, ni hilo tu, kifuniko, naye alipoinama ile harufu ya asali iliyoungua na manyoya yaliyolowa ikamzunguka kama mtu anayemvisha shuka kwa nyuma, na koo lake likakauka ghafla, likakauka kama la mtu aliyelima mgongo mzima wa mlima, kisha ikaanza ile sauti, gudu, gudu, gudu, lakini siku hii haikutoka pembeni wala nyuma wala chini, ilitoka karibu mno, kana kwamba inatokea ndani ya masikio yake, naye akataka kuwaita watu waje wamwone mwizi wa Gobeze, akataka kupiga yowe, na mdomo ukakataa, una kazi.

Pazia likavutwa.

Kinfu alikuwa amelishika upande mmoja. Nyuma yake padri amesimama, msalaba mkononi, na nyuma ya padri kijiji kizima, pembe zao mapajani zikingoja. Mtungi ulikuwa umelala ubavu, mtupu. Kifuniko alikuwa nacho yeye mkononi.

"Mmemwona?" aliuliza Asegedech. "Amepita wapi?"

Wanawe walitazama miguu yao.

Kisha Wagaye akanyanyuka kwenye mkeka, taratibu, magoti yakimlia, akapita katikati ya wageni huku akilitafuta pindo la shuka lake, akalinyoosha kuelekea mdomo wa binti yake.

"Ngoja nikufute, mwanangu," alisema. "Masizi ya jikoni tu."