Mkono wa Kushoto wa Oyugi

Rafiki yangu Oyugi, tunayeimba naye kwaya ya kanisa la Nsambya, alikuwa akitafuta hata mtu mmoja aliyebaki wa familia moja ya waandishi mashuhuri. Siku ya mvua, umeme umekatika, Mama Abalo anayetunza nyumba yao alimfungulia.

“Wewe Mkenya umechelewa, waliisha wote. Baba yao alikuwa akigonga ukuta huu, watoto wanaacha kuandika, wanakuja kusali wameshikana mikono.”

Oyugi akagonga kwa mzaha. Gizani, chumba cha pili, viti vikasukumwa. Nyayo ndogo zikaja, zikasimama kando yake.

Jumapili kanisani, waumini waliposhikana mikono kwa sala ya Baba Yetu, niliomba mkono wake wa kushoto.

“Huo umeshikwa,” akaninong'oneza.

Mungu anisamehe, niliuvuta. Ukavutwa kurudi, kuelekea chini, kama mtoto anavyovuta.