Watoto wa Imori Katika Jaruba la Bibi Kurihara

Kila asubuhi, kabla ya wali na supu ya kiamshakinywa, Chizuru alishuka kwenye mfereji nyuma ya nyumba yao akiwa na chujio kuukuu la chai. Alilipitisha majini polepole, kisha akalikung'uta ndani ya bakuli. Vidudu vidogo kama chembe za chumvi viliruka-ruka humo. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha watoto wake wa imori.

Imori ni ndugu wa chura, ingawa ana umbo la mjusi: mgongo mweusi, tumbo jekundu lenye madoa. Baridi ilipokwisha, Chizuru alimtoa mmoja katika mfereji huohuo, akamweka kwenye tangi la kioo lenye mfuniko. Mama alikubali, lakini alimpa sharti.

"Ukimtoa majini, tumbo lake ni lako kulishibisha. Na ukimshika, unaosha mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula. Ngozi yake ina sumu."

"Nimesikia, Mama."

Imori yule alipotaga mayai na watoto wakaanguliwa, kazi ikaongezeka. Yeye alitosheka na vipande vya nyungunyungu mara chache kwa wiki. Watoto walitaka chakula hai, kinachotembea, tena kila siku. Chizuru aliwatenga katika beseni lao, mkubwa asije akawameza. Walikuwa wembamba kama njiti za kiberiti, na matamvua yao ya kupumulia majini yalichanua pande zote mbili za shingo kama manyoya.

Kisha mazoezi ya kuogelea yakaanza shuleni. Chizuru alirudi nyumbani amechoka, macho mekundu. Asubuhi aliamka amechelewa, akapita mbio kando ya beseni bila kulitazama. Siku iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Jioni alipofunua, aliona mtoto mmoja hana mguu. Ndugu zake walikuwa wameutafuna kwa njaa.

"Watoto wako wanakula?" Mama aliuliza mezani.

"Wanakula sana," Chizuru alijibu. Akajaza samaki mdomoni, asiulizwe tena.

Kesho yake alfajiri alibeba ndoo hadi jaruba la mpunga lililo kando ya njia ya shule, akawamimina wote. Rafiki yake Mayu alimkuta pale pale.

"Ehe, Mama Imori! Leo unatupa wanao?"

"Siwatupi. Ninawaachia. Humo chakula kimejaa."

"Jaruba la Bibi Kurihara? Umemwomba?"

Chizuru alichukua ndoo tupu, akarudi nyumbani. Alimwambia Mama kwamba watoto wamekua, amewarudisha majini.

"Matamvua yamekwisha kupotea?"

"Yamekwisha."

Mama alimtazama kidogo, kisha akaendelea kumenya figili.

Asubuhi iliyofuata, Chizuru na Mayu walipofika kwenye kona ya jaruba, walisikia maji yakibubujika. Bibi Kurihara alikuwa amesimama na jembe lake kwenye tuta. Alikuwa ameng'oa ubao wa lango la maji, na maji yalikuwa yanakimbilia mtaroni. Upande wa pili yangeyange wawili weupe walikuwa wamekwisha kutua.

Sasa Chizuru alikumbuka. Kila mwaka joto linapoanza, majaruba yote ya bonde hukaushwa mpaka ardhi ipasuke. Yeye mwenyewe alizoea kuruka nyufa hizo. Aliwezaje kusahau?

"Wanao bado wanapumua kwa matamvua, si ndiyo?" Mayu alinong'ona. Safari hii hakucheka. "Maji yakiisha..."

Yangeyange mmoja alidonoa tope, akainua shingo, akameza.

Bibi Kurihara aliogopwa na watoto wote. Ilisemwa kwamba hata kunguru humwomba ruhusa. Chizuru alitazama njia ya shule, akatazama maji. Kisha akakimbia juu ya tuta, mkoba ukimpiga mgongoni.

"Bibi! Samahani, Bibi, funga maji!"

"Shuka kwenye tuta langu. Unalibomoa."

Chizuru alishuka, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. "Kuna watoto wa imori humo. Niliwamwaga mimi. Sikukuomba."

"Imori? Hapa hawajaonekana tangu mtaro huu ulipojengwa kwa saruji." Bibi alikunja uso. "Kwa hiyo jaruba langu ndilo pipa la kutupia ulichochoka nacho?"

Chizuru alitikisa kichwa, machozi yakidondoka.

"Mpunga lazima ukauke. Mizizi isipopata hewa sasa, kimbunga kikija utalala wote." Hata hivyo aliinama, akarudisha ubao. Maji yakanyamaza. "Nitasubiri jua litoke nyuma ya ule mlima, basi. Nenda kamwite mama yako. Na umweleze ulivyonieleza mimi, usipunguze."

Njia ya nyumbani ilikuwa fupi kuliko alivyotamani. Alimkuta Mama akianika nguo.

"Mama, nilikudanganya. Hawakuwa wamekua. Sikuwalisha, wakatafunana, nikaona aibu."

Mama alishusha shati alilolishika. Hakugomba, na hilo lilimuuma Chizuru zaidi. Alipiga simu shuleni kusema watoto watachelewa, akavaa viatu vya mpira, akachukua jembe, chujio na ndoo.

Walichimba shimo refu ndani ya jaruba, kando ya lango, Bibi akielekeza na Mayu akifukuza yangeyange kwa mwavuli wake. Kisha Bibi akainua ubao kidogo tu. Maji yalipungua taratibu, na viumbe vikayafuata kuelekea shimoni: viluwiluwi vya vyura, mende wa majini, konokono.

"Simuoni hata mmoja," Chizuru alisema. Jua lilikuwa linachungulia mlimani.

"Tazama kwenye mashina, siyo katikati," alisema Bibi.

Pale, chini ya shina la mpunga, manyoya madogo yalichezacheza. Chizuru aliingiza chujio polepole. Mmoja! Baadaye wengine wakatokea, wakifuata maji. Jua lilipomwagika bondeni, ndoo ilikuwa na zaidi ya nusu yao. Waliobaki hawakuonekana tena.

"Wengine wamekufa kwa sababu yangu," Chizuru alisema.

"Ndiyo," Mama alijibu. Aliketi kwenye tuta, akamvuta karibu. "Sitakudanganya. Hawa waliobaki tutawagawa kwenye mabeseni mengi, wasitafunane. Matamvua yakipotea kweli, tutawarudisha kwenye mfereji alikotoka mama yao, siyo jaruba la mtu. Siku za kuogelea, nitawalisha mimi."

"Utanisaidia?"

"Ningekusaidia tangu mwanzo, mwanangu. Ulihitaji kusema tu. Kumpenda mnyama ni rahisi ukiwa na nafasi. Kumfuga ni kumlisha hata siku umechoka, na ukishindwa, kutafuta msaada kabla hajaumia. Aibu ya kusema 'nimeshindwa' ni ya siku moja. Kilichokufa hakirudi."

"Na hilo shimo," Bibi Kurihara aliongeza, akipangusa jembe, "sitalifukia. Viluwiluwi wangu nao wamelipenda. Utakuja kila asubuhi kutoa tope, mpaka nirudishe maji."

"Nitakuja, Bibi."

"Sasa osheni mikono. Nyote wawili. Halafu shuleni," alisema Mama.