Muosha Magari Tu

Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo: mfamasia aliegesha gari lake dogo jekundu nyuma ya jengo la maduka, akachukua mkoba, akabonyeza rimoti juu ya bega bila kugeuka, kisha akashika njia ya dukani, koti jeupe likining'inia mkononi. Siku hiyo sauti ilimkatiza.

"Dada, gari liko wazi."

Kijana mrefu, suruali imekunjwa hadi magotini na povu limempanda mpaka viwikoni, alikuwa amesimama kando ya ndoo zake.

"Nimeshafunga."

"Umebonyeza. Kufunga ni jambo jingine." Akavuta mlango kwa kidole kimoja, ukafunguka. "Siku hizi hawavunji kioo. Mtu anajibanza pembeni na rimoti yake. Ukibonyeza yako, naye anabonyeza, gari halisikii kitu. Ukishaondoka anaingia kama kwake. Ukibonyeza, vuta mlango uhakikishe."

"Na wewe umeyajuaje yote hayo?"

"Nashinda na magari, dada. Yananisimulia."

Mfamasia alicheka kabla hajajizuia, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Waosha magari wenzake walimwita Povu. Mfamasia naye akamwita Povu, ila kwa sauti nyingine. Povu yeye alimwita mfamasia Dozi.

"Dozi, umevuta mlango?" Ndivyo simu zake zilivyoanza kila jioni.

"Nimevuta."

"Na mimi umenikumbuka?"

"Wewe ni kutwa mara tatu."

"Kabla ya chakula au baada?"

"Kabla. Ukishashiba huna maneno."

Jioni duka likifungwa, walikaa garini wakizungumza, yeye akinukia dawa, Povu amebadilisha nguo na kuvaa shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka. Kisha mfamasia alimshusha Povu kona moja kabla ya kwao, mama asiwaone.

"Utanitambulisha lini kwa mama?" Povu aliuliza siku moja.

"Si unamjua? Unamwoshea gari kila Jumapili."

"Na ananiita mwanangu."

"Anakuita mwanangu kwa sababu unaosha gari," alijibu kwa utani. Povu alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka.

Kwenye jengo walimoishi mfamasia na mama yake, wizi ulikuwa umeanza kuwatesa wapangaji. Huyu kakuta redio imeng'olewa, yule kakuta buti tupu. Jumamosi moja ikawa zamu ya gari jekundu. Mfamasia alikuwa amerudi na haraka zake, akabonyeza na kupanda ngazi. Aliposhuka, mlango haukuwa na hata mkwaruzo, na kompyuta iliyokuwa chini ya kiti haikuwepo.

Kesho yake wapangaji walikusanyika uani. Mama alikuwa amekaa mbele, kitambaa chake cha kichwani kimefungwa kama cha mtu aendaye mahakamani.

"Binti," mwenyekiti wao alisema, "nani alijua unaweka kompyuta chini ya kiti?"

Aliyejua ni mtu mmoja tu. Ijumaa jioni Povu alikuwa amemgombeza: Dozi, usiache kitu garini, hata ukikificha. Lakini kusema hivyo kungemlazimu aseme walikuwa wapi, na kwa nini. Mama alikuwa anamtazama.

"Muosha magari tu," akasema.

Povu alikuwa nyuma yao, sponji inadondosha maji kwenye viatu vyake. Alimtazama kama anayemsubiri mwenzake amalize sentensi. Mfamasia hakuimaliza.

"Kijana, kusanya ndoo zako," mwenyekiti alisema. "Usikanyage tena hapa."

Povu alimwaga maji yaliyobaki, akaondoka. Habari zikamtangulia, na kufikia Jumatatu mlinzi wa jengo la maduka alikuwa ameshampa mtu mwingine nafasi yake.

Mfamasia alipiga simu mpaka kidole kikachoka. Siku iliyopokelewa, alisikia sauti ya adabu tupu.

"Ndiyo, mteja."

"Povu, usiniite hivyo."

"Nikuite nani? Mimi si muosha magari tu?" Simu ikakatwa.

Mwizi alinaswa wiki iliyofuata. Jirani mmoja alibonyeza rimoti, akasita, akavuta mlango, ukafunguka mkononi mwake. Kelele zikapigwa. Kijana mmoja mtanashati aliyekuwa ameegemea ukuta akakimbia, akakamatwa na rimoti mfukoni. Nyumbani kwake ilikutwa kompyuta ya mfamasia.

"Tulimwonea yule mwanangu," mama alisema. "Mtafute, umwombe radhi kwa niaba yetu."

Alimkuta kwenye sehemu ya kuoshea magari kando ya barabara, amevaa mabuti ya manjano, pampu inanguruma.

"Mwizi amepatikana."

"Nimesikia."

"Mwenyekiti anakuomba radhi. Mama pia."

"Waambie nimepokea." Aliendelea kulowesha tairi. "Na wewe? Ulinishuku kweli?"

Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Jengo zima lilikosea, naye angejibanza humo humo na kusamehewa pamoja na wengine.

"Hapana," alisema.

"Basi kwa nini?"

Midomo yake ilitikisika, lakini pampu ilimeza maneno. Povu aliinama, akaizima. Madereva waliokuwa kwenye benchi wakanyanyua vichwa.

"Sikusikia," alisema.

Mfamasia hakuwa mtu wa sauti. Hata dukani wateja humwinamia wapate kusikia dawa inanywewa vipi. Alishika mkoba kwa mikono miwili, akasema kila mtu akasikia:

"Sikukushuku hata kidogo. Nilikuonea aibu. Mama alikuwa ananitazama, nikaona heri uitwe mwizi kuliko uitwe mpenzi wangu."