Kiatu Kilichobaki Getini

Siku za mwisho wa wiki soko la vitambaa halina pa kuweka mguu. Watu wanasukumana, majora yanapita juu ya vichwa, na anayeuliza bei inabidi apige kelele kama anamwita mtu wa ng'ambo. Katikati ya vurugu hiyo alisimama kijana mrefu, ovaroli la buluu limefungwa kiunoni, fulana nyeupe ina doa la grisi kifuani kama mtu aliyetoka kukumbatiwa na injini. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, vidole vimetanuliwa. Anauonyesha kwa kila mshonaji, na kila mshonaji anamcheka.

Alipofika kwenye meza ya Sindano hakuchekwa. Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, ingawa wengine walisema ni kwa ukali wa mdomo, alikuwa amevaa gauni la manjano alilolishona mwenyewe, futi ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu.

"Dada, nataka mapazia."

"Dirisha lina ukubwa gani?"

"Shubiri nne kwa tatu."

"Shubiri za nani?"

"Zangu." Akautikisa ule mkono. "Ndiyo maana nimekuja nao."

"Afadhali hukuusahau nyumbani."

Sindano akavua futi, akaushika mkono ule na kuutandaza juu ya meza. Ulikuwa wa moto, umekakamaa kiganja. Akapima kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Kisha akapima tena, na hakuwa na sababu yoyote ya kupima tena.

"Tulia," alisema. "Mkono ukitetemeka mapazia yatakuwa mafupi."

"Sio mkono, dada. Ni meza."

"Meza yangu haijawahi kutetemekea mwanaume."

Mama Vifungo wa meza ya jirani aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Kijana naye akacheka, akajieleza: yeye ni fundi wa injini za boti, wenzake wanamwita Spana. Madirisha yale ni ya boti ya kulala, boti yenye vyumba na jiko lake, inayowapeleka watu kulala usiku mmoja ndani ya hifadhi ya ziwa, kule ambako hakuna nyumba wala barabara.

Kicheko cha Mama Vifungo kikakatika kama uzi.

"Boti ile imerudi majini?"

"Bado, mama. Inatengenezwa."

Mama Vifungo aliinama akaanza kuchambua vifungo vyake, navyo vilikuwa vimeshachambuliwa tangu asubuhi.

*

Mapazia yalikuwa kisingizio. Spana alirudi kuuliza rangi, akarudi kuuliza kama amekwisha kuuliza rangi, mwisho akarudi na maji ya matunda bila swali lolote. Kisha zikaanza simu.

"Umelala, kipenzi?"

"Nimelala. Unaongea na mto."

"Basi mwambie mto nampenda."

"Mto unasema umesikia maneno hayo kwa wengi."

"Nani hao? Nitajie niwafungue nati!"

Sindano alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema, lakini kwa Spana maneno yalimtoka kama maji ya bomba bovu. Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni. Spana alimletea mapazia ya zamani awe na mfano, na moja lilikuwa limechanika, pete zake zimeng'oka zote upande mmoja.

"Hili limefanyaje?"

"Upepo."

Upepo hauna vidole, Sindano aliwaza.

Siku moja Spana alikuja amenyoa, shati limepigwa pasi hadi linameta. Tajiri wake amempa boti kwa usiku mmoja aijaribu kabla ya kuirudisha kazini. Wangekwenda wanne: wao wawili, na dada yake Sindano na mumewe, ili pasiwe na mtu wa kunyoosha kidole.

"Nina swali la kukuuliza," alisema. "Haliulizwi njiani."

Safari ikapangwa mezani kwa dada yake. Nani abebe maji ya kunywa, nani blanketi. Takataka zote warudi nazo. Taa zifunikwe. Nanga ishuke kabla ya jua kuzama, na maboya yavaliwe muda wote, maana Sindano na dada yake hawajui kuogelea hata kwenye beseni.

"Kiboko akija," Shemeji alisema, "namsukumia huyu mke wangu wazungumze. Mnyama mwenyewe ataomba radhi."

"Nawe nani atakuokoa?" Dada akamjibu. "Kitambi kile mamba watakiona kama sherehe."

Wote walicheka. Sindano ndiye aliyeona kwamba Spana anacheka kwa meno tu. Dada alipopendekeza watie nanga karibu na geti, penye askari, Spana alitikisa kichwa. Shemeji alipotaja kisiwa cha ndege, alitikisa tena.

"Ghuba ya matete," alisema. "Ni pale tu."

"Pana nini pale?"

"Patulivu."

Alilitamka neno lile kama mtu anayetaja chumba cha mgonjwa.

*

Kabla ya safari ilibidi wakaombe ruhusa. Geti la hifadhi lilikuwa kibanda cha mbao kando ya gati, sakafu imefagiliwa, bendera imefifia kwa jua. Nyuma ya meza ya askari palikuwa na rafu ndefu ya viatu. Vyote vilikuwa vya mguu wa kushoto.

"Anayelala ziwani anaacha kiatu kimoja," askari wa geti alieleza, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Akitoka anakichukua. Nikitupa jicho kwenye rafu nimeshajua nani bado yuko ndani. Na halali mtu peke yake humo. Lazima muwe wawili au zaidi, la sivyo boti haipiti."

Sindano alitazama rafu kwa utaratibu wake. Ndala, raba, buti. Pembeni kabisa palikuwa na kiatu chekundu cha kike, kisigino kifupi, vumbi limekilalia mpaka wekundu umekuwa kama kutu.

"Na hiki? Mwenyewe bado yuko ndani?"

Askari alimtazama Spana.

"Muulize mwenzako, dada. Alikuja naye yeye."

Spana alikuwa tayari ametoka nje. Sindano alimkuta kwenye gati amelipa geti mgongo.

"Nani yule?"

"Twende nyumbani."

"Nimeuliza nani yule!"

"Nitakwambia kule kule, mpenzi. Ghubani. Nakuomba."

"Unipeleke pale alipobakia mwenzangu, ndiyo uniambie? Nikishajua nirudi kwa miguu?"

Alirudi mjini peke yake. Simu ililia njia nzima, ikalia sokoni, ikalia chini ya mto. Hakupokea. Mama Vifungo alimtazama siku nzima, akafungua mdomo, akaufunga, mwisho akasema, "Mwanangu, mimi sijui lililotokea. Najua tu kwamba walikwenda wawili akarudi mmoja."

*

Mapazia yalipokwisha, Sindano aliyapeleka karakana mwenyewe, mchana, mbele ya mafundi wote. Boti ilikuwa imepandishwa juu ya magogo, madirisha wazi kama macho yasiyo na kope. Spana alikuwa chini yake, amekonda, ndevu zimeota ovyo.

"Sema," Sindano alimwambia. "Hapa pana watu."

Akasema. Mwenye kiatu chekundu alikuwa mchumba wake. Jioni ile ghubani walizozana kwa jambo la kijinga. Mchumba akang'oa pazia kwa hasira, akashuka kwenye mtumbwi wa kando, akasema anarudi getini. Spana angeweza kumfuata. Alikaa kitako, akasema moyoni, mwache apoe, atageuza mwenyewe.

"Hakugeuza," alisema. "Askari walitafuta, wakapata kasia. Tangu hapo nimeomba kurudi kumtafuta, kila siku getini wananijibu jibu moja. Halali mtu peke yake. Na hakuna mwenzangu anayekubali kulala pale."

Kisha jambo likamfikia Sindano, polepole, kama baridi inavyopanda miguuni.

"Kwa hiyo ulitafuta mtu wa pili."

"Hapana. Mwanzo..."

"Mwanzo ulikuja sokoni umeinua mkono, unatafuta nani atacheka na nani hatacheka. Ulihitaji kiatu cha pili kwenye rafu, Spana. Cha kwangu kikakutosha."

"Nakupenda."

"Inawezekana. Sijui, na wewe hujui." Akamwekea mapazia magotini. "Nitamwomba Shemeji akusindikize. Mtakuwa wawili, geti litafunguka, utatafuta utakavyo. Hunihitaji tena kwa kazi hiyo. Ukirudi ukanitafuta, nitajua nilikuwa mtu, si kiatu."

Shemeji alinung'unika, akajikuna, akakubali. Boti ikashushwa majini, wakaondoka asubuhi yenye mawingu. Usiku ule simu zao hazikupatikana, na Sindano alikaa akishona kitu ambacho kesho yake alikifumua chote.

Kesho yake mchana simu ililia. Alikuwa Shemeji, na hakuwa na mzaha hata chembe.

"Njoo getini, mdogo wangu."

"Kuna nini?"

"Mwenzako ameshuka na mtumbwi alfajiri, ameingia kwenye matete. Mimi na askari tukimwita anazidi kuingia ndani. Njoo, anaweza kukusikia wewe."

*

Boti ya askari ilimpeleka Sindano akiwa amefumba macho, boya limembana kifua, mikono yote miwili imeshika ubao. Alipofumbua, injini ilikuwa imezimwa. Mbele yao matete yalisimama marefu kuliko nyumba, marefu na yanayofanana, yanapokea maji meusi bila sauti. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

"Injini yetu haipiti humo, magugu yanakamata," askari alinong'ona. "Ita."

"Spana!"

Ndege mmoja akaruka.

"Spana, ni mimi!"

"Rudi." Sauti ilitoka ndani, si mbali, lakini haikuwa na upande. "Hujui kuogelea."

"Ndiyo. Na nimekuja hivyo hivyo. Toka."

"Nilimwacha mara moja, Sindano. Siwezi kumwacha tena."

"Humwachi. Unamuaga. Aliyekwenda haombi kufuatwa, Spana. Muage, mwombe radhi, utoke."

Kisha walimsikia akizungumza chini chini, na hakuwa akizungumza nao. Askari alivua kofia. Sindano aliinamisha kichwa, akamwachia mwanamke yule asiyemjua nafasi yake.

Baadaye sauti ilirudi, imevunjika. "Nimemaliza. Lakini sioni njia. Kila upande ni matete."

Kabla hawajamjibu, kati yao na sauti ile kitu kikubwa kilijigeuza ndani ya maji. Matete yakainama, yakasimama. Askari alichukua bunduki taratibu.

"Endelea kuongea," alimwambia Sindano kwa midomo tu. "Afuate sauti. Usinyamaze."

Ongea nini? Sindano, msichana wa maneno machache, alifungua mdomo.

"Sikiliza basi, wewe mwanaume wa shubiri. Mapazia yako ulipima vibaya, pazia la jikoni limezidi, nimelikunja mara mbili na sikukwambia. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Njoo huku. Na ndevu hizo utazinyoa, unafanana na brashi ya kuoshea chupa. Na ule mkono nilipoupima mara ya pili nilikuwa nimeshapata kipimo. Nilitaka tu kuushika. Upo?"

"Nipo. Sema tena."

"Silisemi tena, njoo ulisikie karibu! Nilikasirika kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza, basi. Nilimwonea wivu mtu aliyekufa. Piga kasia, mpenzi. Piga!"

Kile kitu kikajigeuza tena, karibu zaidi. Sindano alikiona kivimbe cheusi kikipanda juu ya maji na kuzama, na sauti yake haikukatika. Alisema juu ya meza yake, juu ya gauni la manjano, juu ya nyumba yenye madirisha mawili ambamo angependa kukaa. Matete yakapanuka upande ambao hakuna aliyeutazamia, ncha ya mtumbwi ikatokeza, na Spana akiwa ndani yake, uso umechanwachanwa na majani.

Askari alimvuta ndani ya boti. Alianguka miguuni pa Sindano kama mzigo, na Sindano akamkamata mkanda, akaukamata kwa mikono miwili, hakuuachia njia nzima. Nyuma yao ghuba ilikuwa imeshaingia giza.

Boti ilipogusa gati, Spana alishuka wa kwanza. Sindano alikuwa ameweka mguu mmoja ubaoni, mwingine bado ndani ya boti, Spana alipomshika mkono.

"Utaolewa na mimi?"

"Subiri basi nishuke!"

"Ukishuka utakimbia."

"Na hapa nikikataa utaniachia nitumbukie?"

"Sikuachii. Hata ukikataa."

Sindano alimtazama vizuri, kwa jicho lake lile la kupima. Mtu huyu alikwisha kupata alichokifuata ziwani, hakuwa na kazi naye tena. Na bado alikuwa pale, anasubiri jibu.

Kule matetini kitu kilitoa sauti, ndefu, ya chini. Inawezekana ni kiboko. Shemeji, aliyekuwa akiwasubiri gatini, aligeuka, askari akageuka. Wao wawili hawakugeuka.

"Ndiyo," alisema Sindano. "Sasa nivute."