Reli Isiyofika Babati

Kila asubuhi Frida alifagia uwanja, akajitwika dumu lake la maji na kushika njia ya kutoka Singe, pembezoni mwa mji wa Babati, kwenda shuleni. Wiki ile miguu ilimwasha. Darasa la Sita lilikuwa likitengeneza ramani ya reli kwenye uwanja wa shule, yeye akiwa kiongozi, na Ijumaa mgeni angekuja kuamua kama kazi yao inafaa kwenda kwenye maonyesho ya mkoa.

Ramani yenyewe ilipendeza, usipime. Milima ya Usambara ilikuwa ya udongo mwekundu, bahari ya majivu, na reli ya mabua ya mahindi kutoka Tanga hadi Moshi, kisha Arusha. Mwalimu Sylvesta aliwasimulia jinsi watu walivyoichimba njia ile kwa majembe, wengi kwa kulazimishwa, na jinsi mkonge na kahawa vilivyopata njia ya kufika bandarini. Palipojengwa stesheni, soko na maduka yalifuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, askari wa Kijerumani walipanda treni Moshi wakawahi kuilinda Tanga. Baadaye, walipozidiwa, walivunja madaraja wenyewe ili adui asiyatumie. Frida alisikiliza mpaka akasahau uji wake.

Kilichomkera ni Wiliam, aliyehamia kutoka Moshi. Alikuwa akimtania kwamba watu wa Babati hata honi ya treni hawaijui. Maneno hayo yalimchoma Frida. Ijumaa asubuhi, wenzake walipokwenda kuteka maji, alipanga mabua kutoka Arusha mpaka Babati, akachomeka kibendera.

Mgeni, Mama Leonia, aliizunguka ramani akisifu. Penye kibendera akasimama.

“Reli hii ilijengwa lini, mwanangu?”

“Wakati wa vita, mama,” Frida akajibu. “Halafu ikang'olewa.”

Mama Leonia alikiinamia kibendera. Vitus na Kindness, wanafunzi wenzake waliokanda udongo ule wiki nzima, walitazamana kwa mshangao. Frida aliona jasho lao likipotea kwa sababu yake, na hilo lilimuuma kuliko utani wa Wiliam. Akapiga magoti, akang'oa mabua yake yote.

“Nisamehe, mama. Haijawahi kufika hapa. Nimeiweka mimi, wenzangu hawakujua. Nilitaka na sisi tuwemo.”

“Mbaazi za Babati huwa zinafikaje mbali, basi?”

“Kwa malori. Baba yangu huzipakia pale sokoni kwenda Arusha.”

“Basi tuonyeshe hilo.”

Vitus alikimbia jikoni akarudi na konzi ya mbaazi. Frida akazipanga moja moja pale mabua yalipokuwa, barabara ikatambaa kutoka Babati mpaka ikaigusa reli Arusha. Wa kwanza kuchuchumaa kumsaidia alikuwa Wiliam. Mama Leonia alitabasamu, akasema ramani hiyo itakwenda mkoani, mbaazi zikiwemo.

Mgeni alipoondoka, Mwalimu Sylvesta alimwita Frida kando.

“Njia ya mwongo ni fupi,” alimwambia. “Unaona mataruma, yale magogo yanayobeba chuma cha reli? Waliojenga walilaza kila moja mahali pake, ndiyo maana treni ilifika. Ukilaza moja la uongo, wanaoanguka ni wote waliomo kwenye treni. Leo umeling'oa mwenyewe, mbele za watu. Hapo umenifurahisha kuliko ramani.”