Midomo Iliyokunjwa

Mzee Leonardi alilala chali kwenye nyasi za uwanja wa shabaha, nje kidogo ya Okolona. Bastola yake ilikuwa imepasuka. Kipande cha chuma kilikuwa kimemwingia shingoni.

"Ilianza kwa kumgomea," alisema mlinzi wa uwanja. "Akacheka, akatoa simu, kisha akairudisha mfukoni. Akasema, 'Mwenzangu anaumwa, mwache alale.' Akajaribu tena. Ndipo ikalipuka."

"Mwenzake nani?"

"Mzee mmoja wa Columbus. Kila Jumamosi huwa wawili."

Inspekta Kavugho aliokota magazini ya bastola, akatoa risasi zilizobaki. Mdomo wa kila ganda la risasi ulikuwa umekunjwa kwa ndani.

Mtaalamu wa silaha alimweleza kwa simu. Mdomo wa ganda la bastola hubanwa tu, ubaki wima. Kukunja ni kwa risasi za rivolva, ile ya silinda ya kuzunguka. Ukiikunja ya bastola, huenda ikagoma. Au kichwa cha risasi kikalegea, kikasukumwa ndani, baruti ikakosa nafasi, na silaha ikapasuka mkononi.

Marehemu aliishi peke yake mtaa wa South End. Gereji ilikuwa na mashine ya kujazia risasi, viti viwili na vikombe viwili. Kibanio cha midomo ya maganda kilikuwa kimoja, cha kubana, si cha kukunja. Ukutani mtu alikuwa ameandika kwa chaki: BASTOLA BANA. RIVOLVA KUNJA.

Mlangoni palikuwa na sanduku la nguo lililofungwa tayari. Kavugho alimpigia binti wa marehemu, Immaculée, huko Buffalo.

"Jumatatu nilikuwa nije kumchukua," alisema akilia. "Chumba nimeshakipaka rangi."

"Nani mwingine alijua?"

"Baba Semahoro tu, rafiki yake wa Columbus."

Kesho yake Kavugho aliendesha gari kwa muda wa saa tatu na nusu hadi Gahanna, kitongoji cha Columbus. Njia nzima simu yake haikuita hata mara moja. Hakushangaa.

Askari wa pale alisubiri nje. Semahoro alifungua mlango kabla Kavugho hajabisha hodi. Mezani palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na simu. Kabatini ilikuwemo rivolva.

"Karibu, mwanangu. Nimesikia. Keti."

"Pole, mzee. Risasi zile nani alizijaza?"

"Mimi, wiki iliyopita. Mikono yake ilikuwa inatetemeka."

"Kwa kibanio kipi?"

"Changu. Nilikosea. Macho ya uzee haya."

"Ulikosea kisanduku kizima?"

Semahoro aliisogeza sahani kando.

"Na chaki ile ukutani ni mwandiko wa nani?"

Mzee alitazama viganja vyake.

"Wangu. Nilimfundisha mimi. Alikuwa mzito kushika, nikamwambia, 'We kichwa nazi, nitakuandikia ukutani.'"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Ulitaka afe?"

"Afe!" Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Mwanangu, tumetoka naye kambini Tanzania. Wake zetu tumewazika mwaka mmoja. Akifa, nani ataniita tena kipofu? Nilitaka igome, basi. Ikigoma hunipigia: 'We mchawi, umezifanya nini risasi zangu? Njoo!' Ningekwenda. Tungezifungua moja moja, tuzijaze upya. Mamia. Buffalo ingesubiri."

"Ulijua pia inaweza kupasuka."

"Nilijua. Nikasema moyoni, labda haitapasuka." Sauti ilishuka. "Nikamdanganya naumwa, ili asinione usoni."

Kavugho alitoa pingu, akazishika tu mkononi.

"Iligoma?" mzee aliuliza.

"Mara moja."

"Mbona hakunipigia?"

Kavugho angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

"Alitoa simu, mzee. Kisha akasema, 'Mwenzangu anaumwa, mwache alale.'"

Semahoro alinyoosha mikono yote miwili, taratibu, huku akiitazama simu pale mezani.

"Sikuwa nimelala," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa hapa."